Ukoo wa Neno la Harusi

Ilianza Alhamisi, tarehe 12 Julai 1973, saa nane na dakika ishirini mchana, kwenye maktaba ya shule. Saa naijua kwa sababu kengele ya kubadilisha vipindi ililia wakati huo, na wenzangu wote walikuwa wameshapata maneno yao na kuondoka, mimi bado nimesimama mbele ya kamusi kubwa kama mtoto aliyetumwa dukani akasahau alichotumwa.

Kazi yenyewe tulipewa na mwalimu wetu wa Kiingereza, msichana wa Kizungu aliyekuja kufundisha kwa miaka miwili. Alikuwa amekaa Kisii mwaka mmoja tu, lakini jambo moja alikuwa ameshalijua vizuri. Kila alikokwenda wazee walimwuliza yeye ni wa ukoo gani, kabla hata ya kumwuliza jina, naye hakuwa na la kujibu. "Basi," alituambia, "ulizeni maneno kama mnavyoniuliza mimi." Kila mmoja wetu achague neno la Kiingereza lililoshonwa kwa maneno mawili, hasa lile ambalo mshono wake hauonekani tena, atafute lilikotoka, halafu asimame darasani aeleze.

Hapo kwenye kusimama darasani ndipo siku yangu ilipoharibika. Mimi nikiitwa kwenye rejista hujibu mara mbili kwa sababu ile ya kwanza huwa haisikiki. Nikimwona mgeni njiani naanza kuangalia miguu yangu kama naihesabu. Daftari hili naliandika kwa sababu karatasi haikuangalii usoni, na naliandika kwa Kiswahili kwa sababu za usalama. Ekegusii kila mtu nyumbani anasoma, Kiingereza Baba anakipenda mno, lakini Kiswahili kwetu ni lugha ya posta na ya wenye maduka mjini. Hakuna mtu atakayekaa chini kukisoma kwa starehe.

Kwa hiyo nilichelewa kuchagua. Maneno mazuri yalikuwa yamekwisha. Mmoja alipata neno la dirisha, ambalo zamani lilikuwa "jicho la upepo", na wote wakasema ah. Mwingine alipata ua fulani ambalo jina lake maana yake ni jicho la mchana. Mimi nikabaki kufungua kurasa za herufi B bila mpango, mpaka nikakumbuka kwamba ndani ya kitabu changu cha jiografia kulikuwa na kadi ya harusi ya dada yangu. Baba alikuwa ameniletea shuleni nione ilivyochapishwa vizuri. Kila kitu kilikuwa kwa Kiingereza, hata saa ya chakula, na katikati kwa herufi za kulala palikuwa na maneno "Bridal Party". Nikasema basi, nitatafuta hilo la kwanza, "bridal", yaani la harusi. Ni neno la kanisani, halitaniletea shida.

Kamusi ikasema hivi. Zamani sana Waingereza hawakuwa na neno hilo kama tunavyolitumia. Walikuwa na "bride-ale", yaani bibi arusi na pombe. Sherehe nzima ya harusi iliitwa kwa jina la pombe iliyopikwa kwa ajili yake. Maneno yale mawili yakakaa pamoja miaka mingi mpaka yakaungana kama vidole vya bata, na watu wakasahau kwamba mkiani mwa neno kuna pombe.

Nikafunga kamusi. Nikaangalia nyuma. Halafu nikaifungua tena kuhakikisha.

Mtu asiyetujua hawezi kuelewa kwa nini nilitoka jasho. Sisi ni Wasabato. Baba ni mzee wa kanisa kule Nyansiongo. Na kwa wiki nyingi kabla ya siku hiyo, barua zote za dada kutoka nyumbani zilikuwa na habari moja tu: Nyanya amesema hatakuja harusini bila chungu chake cha pombe, Baba amesema pombe haitaingia bomani mwake, na dada amesema Nyanya asipokuja, yeye mwenyewe hatatoka chumbani.

Darasani nilisoma nikiwa nimeweka karatasi mbele ya uso.

"Sauti," wakasema kutoka nyuma.

"Bibi arusi," nikasema. "Na pombe."

Darasa likaanguka kwa kicheko. Jirani yangu wa dawati, ambaye baba yake ni mchungaji, akainua mkono akauliza kwa upole sana, "Kwa hiyo, mwalimu, kila tukilitamka kanisani tunasema pombe?"

"Kila mara," mwalimu akajibu, na akafurahi kama mtu aliyepewa kuku.

Tangu siku hiyo mpaka shule zilipofungwa jina langu likawa Amarwa, ambalo kwetu ndilo jina la pombe ya wimbi. Amarwa, pitisha chumvi. Amarwa, umeona raba yangu? Sikuudhika sana. Ilikuwa mara ya kwanza mimi kuwa na jina la utani, na nilikuwa nimeanza kufikiri sitapewa kamwe.

Mwalimu naye hakuniacha. Aliniletea kitabu kingine kutoka nyumbani kwake, kinene, cha mambo ya zamani ya Uingereza, akaniwekea kijiti penye ukurasa. Kumbe neno langu lilikuwa na ndugu. Kulikuwa na pombe ya mavuno, na kulikuwa na "church-ale", pombe ya kanisa. Wanakijiji walipika, wakanywa, na faida ikatengeneza paa la kanisa. Baadaye wakaja viongozi wakali wasiotaka vyungu ndani ya nyumba ya Mungu. Watu hawakubishana nao. Wakajenga nyumba nyingine hapo hapo nje ya ukuta, wakahamishia vyungu huko. Aliyemaliza kusali alivuka tu.

Niliisoma, nikacheka kidogo, nikaisahau. Nilikuwa na mtihani wa hesabu.

Nilipofika nyumbani mwanzoni mwa Agosti nilikuta vita vimekomaa. Hapa lazima nieleze kidogo. Shamba letu la Nyansiongo lilikuwa la mzungu. Serikali ililigawa baada ya Uhuru, na Baba akapata kipande, akahama kutoka Marani pamoja na Mama na sisi. Nyanya, mama yake Baba, alikataa kuhama. Alisema hawezi kuacha kaburi la Babu lilale peke yake. Dada, ambaye ni kifungua mimba, aliachwa naye huko mpaka alipofika darasa la tano. Nyanya ndiye aliyemfunza kutembea, kukama ng'ombe na kutukana. Sisi tunamwita Magokoro, kama nyanya wote wa Kigusii wanavyoitwa.

Baba naye ana sababu zake, na sitaki kumsema vibaya. Babu alikuwa mnywaji hodari. Karo ya Baba ilinywewa mara nyingi, na Baba alisoma kwa kuuza ndizi sokoni Marani akiwa na kaptula moja. Alipobatizwa aliapa kwamba harufu ya chungu haitasikika mahali anapolala. Sasa ni karani wa chama cha maziwa, anavaa tai hata Jumatatu, na mchungaji alikuwa amekubali kuja kula nyumbani kwetu siku ya harusi.

"Simkatazi Mama kuja," alisema jioni ile nilipofika, tukiwa mezani. "Namkataza chungu."

"Yeye anasema ni kitu kimoja," Mama akasema.

"Mtu na chungu si kitu kimoja."

Dada alikuwa amekaa pembeni na sahani yake haijaguswa. "Baba, mimi nitaolewa mara moja tu," akasema. "Yule aliyenilea asikae hapo? Nitatoka na nani?"

Hapo ndipo mimi, ambaye mezani huwa naomba chumvi kwa kuinyooshea kidole, nikafungua mdomo. Sijui kwa nini. Labda ni kuitwa Amarwa wiki zote zile. Nikasema, "Baba, lile neno kwenye kadi." Nikamweleza lote: kamusi, bibi arusi, pombe, mkia. Nilifikiri Baba anavyoheshimu Kiingereza, akisikia kwamba wenyewe Waingereza waliita harusi kwa jina la pombe, moyo wake utalegea. Nilijiona wakili kabisa.

Baba aliweka kijiko chini. "Una hakika?"

"Iko kwenye kamusi kubwa, Baba."

"Ile ya shule?"

"Ile ya shule."

Akaenda chumbani akarudi na boksi la kadi, chupa ya wino na rula. "Futeni," akasema.

"Tufute nini?" Mama akauliza.

"Hilo neno. Kadi yangu haitaenda kwa mchungaji ikiwa na pombe katikati."

Na kweli tulifuta. Mimi, dada, na wadogo zetu, meza nzima, kila mtu na kalamu, tukichora mstari mweusi juu ya neno moja kwenye kadi zote ambazo hazijapelekwa. Baba alisimama nyuma yetu akikagua kama mistari imenyooka. Dada alianza kwa kulia, machozi yakadondokea kadi mbili tatu, halafu akaniangalia, tukashikwa na kicheko ambacho tulilazimika kukifanya kiwe kikohozi.

"Watu wataona tumekata kitu," Mama akasema. "Watasema tunaficha nini?"

"Wataelewa," Baba akasema.

Hawakuelewa. Lakini nitafika huko.

Kesho yake Mama aliniita jikoni. Alikuwa amefunga sukari na leso mpya kwenye kikapu. "Nenda Marani," akaniambia. "Mwombe aje bila chungu."

"Mimi?"

"Wewe. Mimi nikienda tutagombana. Dada yako akienda atalia. Wewe kaa tu hapo unyamaze. Hakuna mtu anayeweza kuvumilia kunyamaza kwako siku mbili."

Nilimkuta Magokoro nyuma ya nyumba, amepiga magoti mbele ya karai kubwa, anakaanga unga uliochachuka. Kando yake mkekani kulikuwa na kimea cha wimbi kinakauka. Kwa hiyo alikuwa ameshaanza. Harufu yake ilikuwa kama mkate ulioungua na limau. Hakugeuka.

"Mke mwenzangu," akasema. Ananiita hivyo tangu nizaliwe, ati Babu alikuwa ananiposa nikiwa kwenye nepi. "Umetumwa."

Nikaweka kikapu chini.

"Umetumwa na sukari. Sukari ya mama yako huwa na maneno ndani."

Nikanyamaza kama nilivyoagizwa. Nikachukua mwiko mwingine nikaanza kugeuza unga upande wangu. Tukafanya kazi hivyo mpaka jua likahama kutoka mgongoni kuja begani, na Mama alikuwa amesema kweli, kwa sababu Magokoro ndiye aliyeshindwa kwanza.

"Niende nikakae hapo na soda?" akasema. "Nyonya nyonya na kamrija kale kafupi, kama mtoto mgonjwa?"

Nikacheka. Halafu, kwa kuwa yeye si mtu wa kunitisha, nikamweleza habari za neno langu. Alisikiliza huku akigeuza unga.

"Hao Waingereza," akauliza, "walipika kwa wimbi?"

"Kwa shayiri, Magokoro."

"Hiyo ni nini?"

"Kama ngano."

"Maskini." Akafikiri. "Mirija yao ilikuwa ya nini?"

"Hakuna mahali pameandikwa mirija. Nadhani kila mtu alikuwa na kikombe chake."

Akaacha kugeuza. Ilikuwa kama nimemwambia walikunywa wakiwa uchi. "Kila mtu na kikombe chake. Sasa hiyo ni harusi ya namna gani?"

Ndipo akanieleza kitu ambacho hakuna aliyewahi kunieleza, labda kwa sababu tangu nizaliwe tumekuwa upande wa soda. Chungu ni kimoja. Wazee wa kwetu na wazee wa huko anakoolewa mtoto wanakaa duara, kila mmoja na mrija wake mrefu, lakini mirija yote inaingia shimo moja. Wanakaa karibu mpaka magoti yanagongana. Kabla yao, aliyepika anakunywa kwanza mbele ya wote, waone kwamba hakuna kitu kibaya ndani. Halafu anampa mrija babu yake bwana arusi.

"Nikinywa ule wa kwanza," akasema, "nimesema mtoto huyu ni wangu, nimemlea mimi, na nimemtoa kwa moyo safi. Nikimpa mrija, naye akanywa, amesema amempokea. Mchungaji atasema yake kanisani, sawa, aseme. Lakini mimi yangu nitaisema wapi? Baba yako anafikiri nataka kulewa. Meno yangu matatu haya, nilewe nianguke nini?"

Nilijisikia vibaya kwa ajili ya ile sukari. Na hapo, nikiangalia moshi unavyopanda, nikakumbuka kile kitabu kingine.

"Kulikuwa na pombe ya kanisa pia," nikasema.

"Wapi?"

"Huko huko Uingereza. Wakubwa walipoikataza kanisani, watu walijenga nyumba nje ya ukuta. Wakimaliza kusali wanavuka."

Magokoro aliinua kichwa. "Nje tu ya ukuta?"

"Nje tu."

"Na padri alikuwa anajua?"

"Haikuandikwa."

"Alijua. Pombe ina harufu." Akachukua mwiko tena, akageuza, akageuza. "Baba yako alisema neno gani hasa? Nitolee kama alivyosema."

"Pombe haitaingia bomani mwangu."

"Bomani mwake."

"Ndiyo."

"Ng'ambo ya ua wake anakaa nani?"

Nikamweleza. Ni mzee Mkatoliki, mpole, mwenye ng'ombe wa gredi, wale wa maziwa wa kizungu, ambao watu huja kuwaangalia kutoka mbali. Mkewe ni wa huku Marani.

"Wa Marani? Binti wa nani?"

Mimi sikujua, lakini nilijua alikozaliwa ni karibu na mto, na kwamba babake alikuwa na jicho moja. Hiyo ilitosha. Magokoro alifuata ukoo ule kama mtu anayevuta kamba kisimani, jina baada ya jina, mjomba baada ya shangazi, mpaka ndoo ikatokea juu. Mke wa jirani yetu alikuwa binti wa binamu yake.

"Basi huyo ni mwanangu," akasema. "Mtu hakatazwi kumtembelea mwanawe."

Nilirudi nyumbani nikamwambia Mama, "Atakuja."

"Na chungu?"

"Hatakileta kwetu."

Mama aliniangalia muda mrefu kidogo. Halafu akaenda kutafuta kuni. Mama anajua mahali pa kuacha kuuliza.

Jumatano ya wiki ya harusi Magokoro akashuka kwenye basi na gunia la ule unga mkavu, mfuko wa kimea, na chungu kimefungwa kwenye blanketi kama mtoto. Akapita mbele ya lango letu, akamsalimu Baba kwa heshima zote, akamwambia amekuja kumtembelea binti yake wa ng'ambo. Baba alikuwa na mkebe wa maziwa mkononi. Alimwangalia Magokoro, akaangalia blanketi, akasema, "Karibu, Mama," na Magokoro akasema, "Nimeshakaribia," na akaendelea mpaka kwa jirani. Mambo ya maji, kimea na kungoja yalifanyika huko. Kibali cha kupika mzee jirani alikipata kwa naibu wa chifu, ambaye naye aliuliza tu harusi ni saa ngapi.

Jumapili ilifika na mvua haikunyesha. Kanisani kulikwenda vizuri, isipokuwa zile kadi. Watu walikuwa wanazigeuza mbele ya dirisha, kuona kilichofutwa ni nini. Nilikaa nyuma ya shangazi wawili wa bwana arusi kutoka Kenyenya, nikasikia kila kitu.

"Wamekata neno hapa."

"Naona."

"Ni jina la mtu."

"La nani?"

"La bwana arusi wa kwanza, bila shaka. Wamebadilisha kijana, wakaona wasipoteze kadi."

Nilitaka kuinama niwaeleze. Mdomo wangu ulikuwa umemaliza kazi yake ya mwaka huo.

Nyumbani turubai lilikuwa limefungwa, soda zimepangwa, mchungaji amekaa kwenye kiti cha mkono. Lakini dada alikuwa ameingia chumbani kubadilisha viatu na hakutoka. Mama alinituma kuchungulia. Alikuwa ameketi kitandani, amenyooka na gauni lake jeupe, anaangalia lango kupitia dirishani.

"Amekuja?" akaniuliza.

"Bado."

"Mimi nimekaa."

Nje watu walianza kukohoa. Bwana arusi alisimama, akakaa, akasimama. Baba alikwenda mara ya pili langoni akaangalia barabara, ingawa alijua vizuri Magokoro hatatokea barabarani. Halafu pale penye pengo la ua, mahali ndama hupita, matawi yakasogea, akatokea yeye: leso mpya, kichwa kimefungwa vizuri, mikono mitupu. Alimwonyesha Baba viganja vyote viwili, akapita mbele ya mchungaji akamwamkia, akaingia ndani. Alitoka amemshika dada mkono, na wanawake wakapiga vigelegele mpaka ng'ombe wa jirani wakajibu.

Tulikula. Mchungaji akaomba. Magokoro alikunywa soda yake yote, na mrija ule mfupi, bila kulalamika. Kisha akainuka, akaenda mpaka kwa babu yake bwana arusi, mzee mrefu mwenye fimbo.

"Mkwe," akamwambia, "umewahi kuona ng'ombe wa gredi?"

"Kenyenya tunao," mzee akasema.

"Hawa wa hapa ng'ambo ni tofauti."

Mzee alimtazama. "Hukamwa saa ngapi?"

"Saa hizi."

Akachukua fimbo yake. Mwingine naye akasema angependa kuona ng'ombe, na mwingine. Wakapita kwenye pengo la ua mmoja mmoja, wakishikilia kofia. Nilitumwa kubeba kiti cha Magokoro, kwa hiyo nilikuwepo. Chungu kilikuwa chini ya mti wa parachichi, mirija imeinama ukingoni pande zote. Magokoro alikaa, akavuta mara moja, wote wakimwangalia koo. Akafuta mdomo kwa leso. Akampa mzee mrija. Mzee akavuta, polepole, akafunga macho, akasema maneno machache kwa sauti ya chini, kwamba mtoto amefika kwao. Basi. Hata dakika hazikuwa nyingi. Magokoro aliangalia chini kidogo, nikaona anapepesa macho, halafu akaniambia niache kusimama kama mlingoti.

Nilirudi upande wetu. Chini ya turubai viti vya mbele vilikuwa vitupu, safu nzima.

"Wazee wamekwenda wapi?" mchungaji akamwuliza Baba.

Baba alinyoosha tai yake. Ng'ambo ya ua mtu alikuwa ameanza kuimba. "Wamekwenda kuona ng'ombe," akasema.

"Wote?"

"Ni ng'ombe wazuri."

Mchungaji akatikisa kichwa polepole na kuomba chai nyingine ya maziwa. Baba akaniita kwa kidole. Niliinama nikitegemea kugombezwa. "Peleka viti zaidi huko," akaninong'oneza. "Wale ni wakwe zangu, wasikae kwenye nyasi."

Nikapeleka viti.

Asubuhi yake, Jumatatu, Magokoro alitaka kuwahi basi la kwanza. Mama aliniamsha nimsaidie kubeba chungu. Tulikiosha kwa jirani, machicha tukawapa ng'ombe, lakini harufu haikutoka. Tulikuwa tunapita lango letu, mimi nimekikumbatia kwa mikono yote miwili, Baba alipotoka na baiskeli yake na mkebe wa maziwa umefungwa nyuma. Tukasimama. Alikuwa na tai.

"Mama," akasema, "kitamvunjikia huyo."

Akaegemeza baiskeli. Akafungua ule mpira wa kufungia, akasogeza mkebe wa maziwa upande mmoja, akachukua chungu kutoka kwangu, akakiweka upande wa pili. Alikifunga kwa mizunguko mingi kuliko aliyoufungia mkebe. Kisha akaanza kusukuma kuelekea barabarani, Magokoro akitembea kando yake akimwambia kimefungwa vibaya, naye akimjibu kimefungwa vizuri. Tulikutana na watu wawili wa kanisani wakipeleka maziwa yao. Waliangalia chungu, wakamsalimu Baba, naye akawaitikia na kuwauliza habari za nyumbani. Mimi nilitembea nyuma, mkono mmoja juu ya chungu, nikikizuia kisigonge mkebe mahali penye mawe.